Keretaka amestaafu akaenda na ramani ya bildingi kichwani. Nyinyi mnaweka aje rekodi za ripea?

Katibu_Ngara

Wadau, habari za jioni. Uzi ni mrefu, weka chai kwanza.

Mimi ni katibu wa wakaaji kwa flati moja huku Ngara, orofa nne, nyumba 32, mwaka 1974 umechorwa kwa simiti juu ya mlango wa kuingilia kwa hivyo hakuna wa kubishana na umri wake. Hiyo kazi ya ukatibu sikuiomba, nilichelewa mkutano nikakuta nimeshachaguliwa.

Sasa mwezi jana, Jumanne asubuhi, maji ikaanza kutoka kwa ukuta wa ngazi pale chini. Si kwa bomba, kwa ukuta. Plasta ilikuwa imevimba kama andazi na ukiweka kiganja unasikia baridi ndani. Tukaita fundi, akafika na swali moja tu, geti valvu, ile ya kufunga maji, iko wapi? Keretaka akaniangalia mimi, mimi nikamwangalia mweka hazina, mweka hazina akaangalia simu yake. Na keretaka wetu ana miezi 3 tu kazini, hata kosa si lake.

Fundi akaanza kuchimba. Shimo la kwanza akapata paipu ya chuma, akaikata, kavu, ni paipu mfu iliachwa humo hatujui na nani. Shimo la pili akapata paipu ya waya za stima, na hapo ni Mungu tu maana tindo ilikuwa imeshaigonga mara mbili. Shimo la tatu mawe matupu. Wakati huo wote tumefunga tenki za juu, nyumba 32 hazina maji, na namba 9 kuna mama ametoka juzi hospitali na mtoto wa wiki mbili.

Ndio nikakumbuka kumpigia mzee wetu wa zamani. Alikuwa keretaka hapa miaka 27, alirudi kwao Mwingi. Akashika simu akiwa malishoni, nasikia kengele za mbuzi huko nyuma. Nikamweleza. Hakufikiria hata sekunde. Akaniambia, "Kijana wangu, simama chini ya ngazi uangalie mlango wa stoo. Kutoka kwa kizingiti hesabu futi mbili kuja kwako, toa ile tailisi imemeguka kona." Tukatoa. Valvu ile pale, imefunikwa na kopo la mafuta ya Kimbo isipate mchanga. Halafu akaongeza, "Kuna ingine hapo kushoto, hiyo usiguse, ni ya nyumba za nyuma, niliitenga mwaka wa Elnino."

Mashimo matatu, plasta, rangi na fundi siku mbili, Ksh 41,500. Simu ya Mwingi haikufika bob 20.

Nilirithi boksi la faili, na mimi nilidhani tuko na rekodi. Kumbe ni risiti. Nimekaa nazo wikendi nzima. Kuna moja ya 2011 imeandikwa "ufundi na vifaa, 18,000" halafu sahihi. Ufundi gani, vifaa gani, ukuta gani? Risiti inakwambia pesa ilitoka, haikwambii paipu ilipita wapi.

Kuna na jambo la pili. Ukuta wa ngazi kati ya orofa ya pili na ya tatu kuna ufa. Wazee wa hapa wanaapa ni wa ile bomu ya ubalozi wa Amerika, 1998. Wapangaji wapya wanasema umetokea juzi kwa hii mvua. Tukaita injinia, akauliza, ulianza lini, na mwaka jana ulikuwa umefika wapi? Tuliangaliana kama wanafunzi hawajafanya homuwaki.

Swali langu ni rahisi, nyinyi mnaandika nini, mnaandika wapi, na nani anaandika? Sitaki kuuziwa programu tafadhali.

FundiBomba_Gikomba

Acha niseme ukweli wenye mafundi hatusemi. Sisi wengi hatuandiki makusudi. Nikikuachia mchoro wa kila kitu, kesho utaita kijana wa bei ya chini na mchoro wangu mkononi. Hiyo valvu chini ya tailisi ndio ilikuwa pensheni ya huyo mzee, tena yeye ni mtu mzuri amekwambia bure.

Lakini niliacha hiyo tabia baada ya kurudi kwa kazi yangu mwenyewe, miaka kama sita imepita, bildingi ya Eastleigh, nikashindwa kujua nilipitisha wapi. Nilitoboa paipu yangu mwenyewe mbele ya mteja. Aibu ya huo mwaka sijaisahau.

Siku hizi kabla ya plasta nafungua tepu, naiacha imelala kwa ukuta kutoka kona hadi kwa paipu, ingine kutoka sakafuni kupanda, napiga picha mbili, moja karibu na moja mbali ukuta wote uonekane. Picha ya karibu peke yake ni bure, miaka mitatu baadaye ni paipu tu, haujui ni ya choo ya nani. Na pima kutoka kwa kitu hakihami, kona ya ukuta, sakafu, dirisha la chuma. Nimeona mtu amepima kutoka kwa friji.

Ingine, hizo bildingi za miaka ya sabini nyingi ziko na paipu za chuma na hizo zinaoza kutoka ndani, nje ziko smati, ndani tundu limebaki la kupitisha penseli. Mtu anakata kipande kibovu anaunga na paipu ya plastiki, PPR. Hapo kwa maungio ndio uandike, tarehe na mahali, kwa sababu hapo ndio nitaitwa tena.

Landi_Mtulivu

Mimi nitaongea kama mwenye nyumba na najua nitatukanwa. Niko na ploti mbili, moja ni ya baba, ya 1968. Kuandika ni kujifunga kamba shingoni. Siku mtaalamu anaandika kwa kitabu chako "slabu ya choo orofa ya tatu imechoka", hiyo karatasi imekuwa shahidi. Usiporekebisha mwezi huo kwa sababu pesa hakuna, na kitu kitokee, wakili atasoma hiyo laini kwa sauti mbele ya hakimu. Kama hakuna kitabu unasema hukujua.

Na mpangaji akiona kitabu kimejaa matatizo anaomba kodi ishuke. Niambieni nadanganya.

Injinia_wa_Matope

@Landi_Mtulivu hudanganyi kuhusu wakili, na ni vizuri umesema wazi kwa sababu wengi wanafikiria hivyo wananyamaza. Lakini "sikujua" ni ya mtu ambaye hakai hapo na hachukui kodi. Wewe unachukua kodi kila tarehe 5. Hakuna hakimu atakuuliza kwa nini uliandika, atakuuliza kwa nini hukufanya, na hilo swali liko hata bila kitabu. Kitabu kikionyesha uliambiwa Machi, ukatoa watu kwa hicho choo Aprili, ukaweka nguzo za kushikilia Mei, ukachanga pesa ukajenga Septemba, hicho kitabu ni chako si cha wakili wa mtu.

Unakumbuka ile flati ilianguka Huruma 2016, ile usiku ya mvua Aprili? Watu karibu 50 walikufa. Kuna mtoto mchanga alitolewa hai baada ya kama saa 80. Baada ya hapo kila mtu mtaani akaanza kutafuta kwa ukuta wake ile X nyekundu ya serikali, ya jengo la kubomolewa. Lakini X ni neno la mwisho, kabla ya X kuna miaka ya mlango kukataa kufunga, ufa kurudi kila ukipaka rangi, maji kusimama kwa msingi. Kila mtu aliona kidogo, hakuna mahali hivyo vidogo vilikutana.

Sasa @Katibu_Ngara kuhusu ufa. Chukua penseli, si kalamu. Kila mwisho wa ufa chora kamstari kadogo kakikingama, andika tarehe kando. Katikati weka nukta mbili, moja kila upande, pima umbali wake kwa mm uandike. Rudia baada ya mvua ndefu, kama Juni, halafu Februari kukiwa kumekauka. Usipake rangi hapo hata mwenyekiti akikasirika. Ufa ukipita mstari wako unajua unatembea. Ukikaa mwaka mzima pale pale unaujaza na unalala. Kazi yangu kubwa kwa majengo ya zamani si kuona ufa, ni kujua kama unatembea, na hiyo siwezi kujua kwa ziara moja hata ukinilipa mara mbili.

Na panda juu uhesabu tenki. Hii ndio kitu haiandikwi kabisa na ndio inanitoa usingizi. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tenki ya lita 10,000 ikijaa ni tani 10, ndovu dume mkubwa ana kama 6. Bildingi yenu 1974 pengine iliwekewa tenki ndogo za chuma. Maji ya mgao ikaanza kukosekana, mtu akaongeza moja nyeusi, mwingine akaongeza, mwingine. Nani aliuliza slabu? Andika kila tenki, lita ngapi, iliwekwa mwaka gani, imekaa juu ya nguzo ama katikati ya slabu ambapo hakuna kitu chini.

Mama_Mapacha_SouthB

Injinia hapo kwa Februari na Juni umenigusa. Huku kwetu ni udongo mweusi wa pamba, ukinyeshewa unafura, ukikauka unapasuka hadi unaweza kuingiza mkono. Mlango wangu wa jikoni Januari unafunga vizuri, Mei lazima niusukume na nyonga. Nilikuwa nadhani ni fundi wa mbao mbaya, nimeita watatu, wote wameranda mlango, sasa Januari kuna nafasi panya anapita amesimama. Kama ningeandika tu mwezi gani unakataa kufunga, ningejua mlango hauna shida ni ardhi inapumua. Pesa ya mafundi watatu imeenda hivyo.

Sisi kila kitu tunaweka kwa grupu ya WhatsApp. Si hiyo ni rekodi?

Katibu_Ngara

@Mama_Mapacha_SouthB hata sisi, na hiyo ndio ilinifanya niandike huu uzi. Nilitafuta "valvu" kwa grupu nikapata matangazo ya mayai, mazishi mawili, na mtu anauza gari. Picha za 2019 hazifunguki tena. Katibu alikuwa kabla yangu simu yake iliibiwa kwa matatu pale raundabauti, na yeye ndio alikuwa na picha zote. Grupu ni nzuri ya kusema maji imepasuka, si ya kukumbuka ilipasukia wapi.

StimaMtaani

Naona watu wa maji na watu wa mawe, acha mtu wa stima aongee.

Bildingi ya 1974 ilifungwa waya ya taa, redio, pasi na pengine friji moja. Leo kila nyumba iko na ile shawa ya kuchemsha papo hapo. Hesabu yenyewe, shawa ya wati 5,500 kwa volti 240 inavuta ampea 23 hivi. Nimefungua masanduku ya swichi nikapata shawa imechomekwa kwa waya ya soketi, na breka imebadilishwa ya 32 kwa sababu ile ya 20 "ilikuwa inasumbua". Haikuwa inasumbua, ilikuwa inakuombea.

Kwa hivyo kwangu rekodi iko mahali pawili. Ndani ya mlango wa kisanduku bandika karatasi, kila breka na kile inalisha, iandikwe na penseli ndio ibadilishwe. Halafu kwa kitabu, kila mara kitu kinaongezwa, andika nani aliongeza na namba yake ya leseni ya EPRA, wale wa mamlaka ya nishati. Ukimwuliza fundi namba ya leseni utaona rangi ya uso wake. Wengine wanakumbuka wameacha jiko likiwaka.

Waya za zamani zile za kufunikwa mpira, ukiikunja inavunjika kama spageti, hiyo ukiipata andika ukuta mzima, usiandike "nimeripea soketi". Soketi ni kidonda, waya ndio damu.

Ofisini_Mjini

Sisi tuko kwa jengo la zamani hapo mjini, karibu na Moi Avenue, lifti mbili, moja inafanya kazi. Nataka kuongeza ya lifti. Sheria ya usalama kazini ya 2007 inataka lifti ikaguliwe na mtu ameidhinishwa, kila miezi 6, na ripoti iwekwe. Niliuliza ejenti aniletee ripoti ya mwisho. Akaniletea stika. Nikamwambia stika si ripoti, nataka ile karatasi inasema kamba ya chuma imechakaa kiasi gani. Wiki tatu sasa.

Rekodi moja tu ndio kila mtu Nairobi anaijua, kile kikadi kimefungwa kwa mtungi wa kuzima moto. Kwetu kimejazwa sahihi za kila mwaka na mkono mmoja, kalamu moja, siku moja. Hata mwaka ujao tumeshasahihishiwa.

Mzee_wa_Pangani

Vijana mnaongea vizuri lakini mimi nimeona kitabu kikifa, tena mara mbili.

Cha kwanza, 2008 ama 2009, tulinunua kaunta buku kubwa, jalada gumu, tukampa keretaka. Ukifungua unakuta, Jumatatu, "nimeripea." Jumanne, "nimeripea." Jumatano, "sawa." Alikuwa anaandika kutuonyesha yuko kazini, si kumwambia mtu kitu. Sikumlaumu, tulikuwa tumemwambia andika kila siku na hakuna kitu kinatokea kila siku.

Cha pili kilikaa kwa mweka hazina nyumbani. Alipokosana na mwenyekiti akahama nacho. Hadi leo kiko Ruiru. Miaka saba ya bildingi iko kwa kabati ya mtu Ruiru.

Kwa hivyo ukiniuliza, swali si uandike nini. Kitabu ni cha nani? Kiwe cha jengo, kikae kwa chumba cha meta na mnyororo kama kalamu ya benki, asitoke nacho mtu. Keretaka apige picha kila ukurasa ukijaa, aitume kwa watu wawili. Na mwambieni aandike siku kitu kimetokea tu. Wiki mbili bila kuandika si uvivu.

FundiBomba_Gikomba

Mzee heshima kwako. Hapo kwa "nimeripea" umenimaliza. Mimi nikipewa kitabu naomba kiwe na laini tano tu, kama ni zaidi nitaruka. Tarehe. Mahali, na hapo ndio pa kuchosha mkono, orofa gani ukuta gani umbali gani. Niliona nini kabla sijagusa. Nilifanya nini. Na nini nimeacha bila kumaliza. Hiyo ya mwisho fundi hapendi kuandika lakini ndio ya maana kuliko zote. Kama nimefunga kwa muda na mpira wa baiskeli, sema ni mpira wa baiskeli, mtu asikuje baada ya mwaka akidhani ni kazi ya kudumu.

Mama_Mapacha_SouthB

Mpira wa baiskeli?? 😂 Sasa nimejua kwa nini sinki yangu inalia.

Landi_Mtulivu

Nimesoma yote. Sijashawishika kwa mambo ya korti lakini nitakubali moja. Ploti ya baba ilipakwa lami juu ya slabu kuzuia maji, mara tatu kwa miaka kumi, kila fundi anaweka karatasi nyeusi juu ya ile ya zamani. Juzi kijana mmoja akakata kipande kuonyesha, tukahesabu kama keki ya arusi. Hakuna aliyeziba pale maji inaingilia, ni pale ukuta wa pembeni unakutana na slabu, sote tulikuwa tunapaka katikati. Kama ningekuwa na picha ya ile ya kwanza nadhani ningeona. Pesa imeniuma kuliko hakimu.

Swali, nikianza leo na jengo la 1968 naanzia wapi? Siwezi kurudisha miaka 50.

Injinia_wa_Matope

@Landi_Mtulivu usirudishe. Anza na hali ilivyo. Tenga asubuhi moja, tembea kutoka juu kushuka, paa, mifereji, kila orofa, msingi, manholi, piga picha ya kila kitu hata kizuri. Hasa kizuri. Picha ya nguzo safi leo ndio itakuwa shahidi siku itapasuka. Ukiona simiti imebanduka na nondo inaonekana nyekundu, weka rula kando ya picha. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, ndio maana inasukuma simiti nje, na ikianza haiishi kwa kupaka plasta.

Kama paa ama mifereji ni zile za asbesto, na majengo ya umri huo yanazo sana, andika kwa herufi kubwa ukurasa wa kwanza. Fundi asiikate na msumeno bila kujua, vumbi yake ni sumu ya mapafu, na kuitoa inataka watu wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira.

Pili, nenda Siti Holi uulize ramani iliyopitishwa. Unaweza kukosa, unaweza kuzungushwa, lakini wengine wamepata. Jengo lako na la katibu pengine yalifuata mtindo wa zile kanuni za zamani za ujenzi, za 1968, ndio tumekaa nazo hadi zile za 2024 zikaanza kutumika Machi 2025. Ukijua nguzo zilichorwa wapi unajua ukuta gani mpangaji asiguse akitaka "kufungua sebule".

Tatu, kaa na wazee. Keretaka wa zamani, mpangaji wa zamani, mama wa kiosk. Andika wanachosema lakini andika "fulani alisema", usiandike kama umeona.

Ofisini_Mjini

Na majina na simu za wapangaji msijaze kwa hicho kitabu cha mnyororo, kuna sheria ya kulinda data ya 2019 na pia kuna wivu. Namba ya nyumba inatosha.

Wale mko kwa flati za kumiliki, sheria ya umiliki wa sehemu ya 2020 inafanya shirika la wenye nyumba ndio lisimamie ngazi, paa na paipu za pamoja. Kwa hivyo kitabu kina mwenyewe kisheria, si cha mwenyekiti.

Namba_Kumi_na_Nne

Hamjambo. Mimi ni mkaaji wa hiyo flati ya katibu, kijana wangu ndio amenionyesha huu uzi na amenifungulia akaunti. Nimeishi hapo tangu 1991.

Huo ufa si wa bomu. Mimi siku ile ya tarehe 7 Agosti nilikuwa nyumbani, madirisha yalitingika vioo viwili vikavunjika, na watu wakatoka kwa ngazi wakaona ufa, wakasema ni bomu. Lakini ni kwamba hawakuwahi kuangalia ukuta kabla. Kule mjini Ufundi House ilianguka yote, kwa hivyo kila mtu alikuwa anatafuta yake.

Niko na picha. Ni Krismasi, watoto wamepangwa kwa ngazi na nguo mpya kwa sababu hapo ndio kulikuwa na mwanga. Kwa kona chini imeandikwa kwa rangi ya machungwa 97 12 25. Nyuma ya watoto ufa unaonekana, umetoka juu umefika chini kidogo ya swichi ya taa.

StimaMtaani

Mama heshima, lakini hizo kamera za filamu tarehe zilikuwa zinadanganya. Ya kwetu ilikwama 1987 hadi ikauzwa.

Namba_Kumi_na_Nne

Mtoto nimembeba kwa hiyo picha alizaliwa Septemba 97. Hana meno. Wewe niambie ni mwaka gani mwingine alikuwa na miezi mitatu.

Mzee_wa_Pangani

😂😂 Kesi imefungwa.

StimaMtaani

Nimeinamisha kichwa mama. Lakini swali la mwisho la kitaalamu, hiyo swichi haijawahi kuhamishwa? Kama ilihamishwa, "chini ya swichi" haina maana. @Katibu_Ngara zima breka, fungua kifuniko, angalia kisanduku cha ndani.

Katibu_Ngara

Nimerudi. Jumamosi tulizima, tukafungua. Kisanduku cha ndani ni cha chuma, kimekaa na simiti ya zamani kimeshikana nayo, hakijawahi kuguswa, ni kifuniko cha nje tu kilibadilishwa cha plastiki. Mama 14 alikuja na picha imefungwa kwa kitambaa, akasimama pale pale alisimama na mtoto. Mtoto mwenyewe siku hizi ana ndevu, ndio alitushikia ngazi ya kupandia.

Kingine, pembeni ya picha kuna kijana mwembamba ameshika ufagio, nusu amekatwa. Ni mzee wetu wa Mwingi, mwaka wake wa kwanza kazini. Nimemtumia kwa simu ya mjukuu wake. Amesema atakuja mwisho wa mwezi, nimtumie nauli, atatembea na sisi kutoka paa hadi manholi ya nyuma na keretaka mpya aandike. Mweka hazina alitaka kuguna kuhusu nauli nikamwonyesha ile risiti ya 41,500.

Nimenunua kaunta buku, mnyororo bado. Ukurasa wa kwanza nimeandika hivi:

"Ufa wa ngazi, kati ya orofa ya 2 na ya 3, ukuta wa kushoto ukipanda. Kwa picha ya 25/12/1997 unaonekana umefika chini ya swichi. Leo mwisho wa ufa ni sm 11 chini ya kisanduku cha swichi, mahali pale pale kwa kuangalia na macho. Upana kwa picha hauonekani. Upana leo mm 2 katikati. Penseli imewekwa juu na chini. Hatujajaza, hatujapaka rangi. Kupimwa tena Februari. Aliyeshika tepu: namba 14."